Alama ya Kutolingana Iandikwe Mwisho

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akiandikiwa ubaoni 180,000 + 3,500n ≤ 330,000 na kuambiwa atafute thamani za n, mara nyingi hufika salama: huondoa 180,000 pande zote mbili, hugawanya kwa 3,500, huandika jibu na kulipigia mstari. Mwanafunzi huyohuyo akipewa habari hiyo kwa maneno, kwamba klabu ya shule ina shilingi 330,000, kwamba basi la kuwapeleka Kijiji cha Makumbusho linakodishwa kwa shilingi 180,000, na kwamba kila atakayekwenda atanunuliwa chakula cha shilingi 3,500, kisha akaulizwa wanaweza kwenda wanafunzi wangapi, kalamu husimama. Hajasahau kutoa wala kugawanya. Kilichomshinda ni kuivusha habari kutoka kwenye maneno hadi kwenye alama, na kazi hiyo ndiyo ambayo vipindi vyetu vya hisabati huigusa kwa haraka, kana kwamba ni maandalizi tu ya hesabu yenyewe.

Nashikilia kwamba ni kinyume chake. Katika hesabu za mafumbo zinazohusu kutolingana, yaani kiasi kimoja kuwa kidogo au kikubwa kuliko kingine, kuandika ndiyo hesabu yenyewe, na kukokotoa ni kumalizia. Na katika kuandika huko, alama ya <, >, ≤ (ndogo kuliko au sawa na) au ≥ (kubwa kuliko au sawa na) inapaswa kuwa kitu cha mwisho kabisa kuwekwa karatasini, baada ya mwanafunzi kujua anatafuta idadi ya nini, kiasi gani hakibadiliki, kiasi gani kinajirudia na kikomo kinazuia upande upi. Madarasani mara nyingi tunamfundisha aanze na alama kwa kuisaka katika neno moja la swali, na hapo ndipo anapopotelea.

Mbinu hiyo inajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye darasa la tuisheni Manzese au Tabata: ukiona "zaidi ya" weka >, ukiona "chini ya" weka <, ukiona "angalau" weka ≥. Inavutia kwa sababu huleta jibu upesi, na kwa maswali yaliyotungwa kuifuata huleta jibu sahihi. Lakini zisome sentensi jinsi watu wanavyozisema. Lori haliruhusiwi kubeba zaidi ya tani 10: maneno "zaidi ya" yamo, na alama inayotakiwa ni ≤. Faida isipungue shilingi 10,000: kupungua kumetajwa, na alama ni ≥. Katika "isizidi" na "isipungue" ukanushi wote umebebwa na silabi moja, na mtoto aliyezoeshwa kurukia neno analolifahamu huipita silabi hiyo bila kuiona. Ipo pia "zaidi" isiyohusu kikomo hata kidogo. Tukisema malipo ya fundi ni shilingi 2,000 zaidi ya mara tatu ya malipo ya saidia fundi, "zaidi" hiyo ni kujumlisha tu, 3x + 2,000, na hakuna mpaka wowote uliokwisha kutajwa. Aliyekaririshwa atachomeka > katikati ya habari ambayo bado haijafika kwenye kulinganisha.

Nilikaa nyuma ya darasa moja la Kidato cha Kwanza upande wa Temeke, mwalimu akifundisha kwa swali la mama anayeuza vitumbua. Gharama zake za siku, yaani mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa, ni shilingi 14,500; kila kitumbua anakiuza shilingi 200; anataka faida isiyopungua shilingi 10,000. Binti mmoja aliandika v = vitumbua, kisha 200v − 14,500 ≤ 10,000. Mwalimu hakumwambia kwamba amekosea. Alimuuliza, "Akiuza vitumbua vitano, lengo lake limetimia?" Binti akajibu, "Hapana, Mwalimu, hata hela ya mkaa hairudi." "Haya, weka tano kwenye sentensi yako uone inasemaje." Akaweka: 1,000 kutoa 14,500 ni −13,500, na −13,500 kweli ni ndogo kuliko 10,000. Sentensi yake ilikuwa inaikubali siku ya hasara. Akaifuta alama na kuigeuza bila kuambiwa na mtu.

Swali lile la vitumbua vitano lina thamani kuliko jedwali zima la maneno na alama zake. Namba ya kujaribia isiwe karibu na mpaka. Iwe ndogo mno au kubwa mno, kiasi kwamba mwanafunzi analijua jibu kwa akili ya kawaida kabla ya kukokotoa chochote. Katika habari ya safari ya klabu, ajaribu wanafunzi 10: basi shilingi 180,000, chakula shilingi 35,000, jumla 215,000, fedha zinatosha. Ajaribu 100: chakula peke yake ni 350,000, fedha hazitoshi hata basi likiwa la bure. Kwa hiyo namba ndogo zinakubalika na kubwa zinakataliwa, na jumla ya matumizi ndiyo inayotakiwa kuwa ndogo kuliko au sawa na fedha zilizopo. Alama imejileta yenyewe. Atakayeizoea njia hii hatakwamishwa na maneno mapya ya mtungaji wa maswali, kwa sababu halisikilizi neno moja, anaisikiliza hali nzima.

Kosa la pili la binti yule lilipita bila kuguswa, nami naliona kuwa zito kuliko la alama. Aliandika v = vitumbua. Herufi katika aljebra husimama mahali pa namba, haisimami mahali pa kitu, na mwanafunzi anayeamini kwamba v ni vitumbua ataisoma 200v kuwa ni vitumbua 200, wakati 200v ni shilingi alizopokea. Inatakiwa iandikwe kwa ukamilifu: v iwe idadi ya vitumbua atakavyouza kwa siku. Sentensi hiyo huonekana ni kupoteza wino, na wanafunzi huiruka kwa sababu aghalabu haipewi maksi, lakini ndiyo inayomwezesha kukagua kila kipande cha alichoandika. 200v ni shilingi, 14,500 ni shilingi, 10,000 ni shilingi; vyote vya jinsi moja, kwa hiyo vinaweza kulinganishwa. Aliyeandika v + 14,500 ≥ 10,000, kosa ninalolikuta mara nyingi katika madaftari, amejumlisha idadi ya vitumbua na fedha, na angeligundua hilo mwenyewe kama angelazimika kutaja jinsi ya kila kipande. Ukaguzi huu hauhitaji kipaji, unahitaji mazoea, na mazoea hujengwa na mwalimu anayedai sentensi hiyo kila siku.

Kuhusu mpaka wenyewe, iwapo umo au haumo, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa dawa ni ileile ya kujaribu, safari hii kwa namba ya mpaka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane; je, mwenye miaka 18 kamili yumo? Yumo, kwa hiyo ni ≥, na duara linaloonyesha mpaka kwenye mstari wa namba hujazwa. Tangazo likisema watoto wa chini ya miaka 5 wanaingia bure, mwenye miaka 5 kamili atalipa, na duara huachwa tupu.

Palipo na utajiri ni mwishoni, pale ambapo namba hurudishwa kwenye habari. Mama wa vitumbua anapata 200v ≥ 24,500, yaani v ≥ 122.5. Hakuna anayenunua nusu kitumbua. Akiuza 122 anabaki na faida ya shilingi 9,900, pungufu ya lengo kwa shilingi 100. Akiuza 123 anavuka. Hapa tunapanda. Klabu nayo inapata 3,500n ≤ 150,000, na kikokotoo kinaonyesha 42.857. Mwanafunzi aliyefundishwa kukadiria desimali kwa kanuni atapandisha kuwa 43, na wanafunzi 43 watahitaji shilingi 330,500: mmoja wao atakaa mezani kusubiri chakula ambacho fedha zake hazikutosha. Hapa tunashuka, ingawa desimali ni kubwa kuliko nusu. Kanuni ya kukadiria, iliyofundishwa kwa bidii tangu shule ya msingi, haina mamlaka mahali hapa. Mamlaka ni ya habari yenyewe.

Halafu kuna hali ambazo hakuna kupanda wala kushuka. Kaya nyingi za Dar es Salaam zinakijua kikomo cha uniti 75 za umeme kwa mwezi, ambacho mteja mdogo wa nyumbani akikivuka, uniti humgharimu zaidi. Tuseme siku 10 za mwanzo wa mwezi wa siku 30 zimekwisha kula uniti 27, na familia inataka kujua itumie uniti ngapi kwa siku katika siku 20 zilizobaki ili isivuke. Inaandikwa 27 + 20u ≤ 75, ambapo u ni wastani wa uniti kwa siku. 20u ≤ 48, yaani u ≤ 2.4. Uniti mbili na nne ya kumi ni jibu kamili, kwa sababu umeme haupimwi kwa vipande vizima kama vitumbua. Mwalimu angeweza kuwapa wanafunzi habari hizi tatu siku moja, ya klabu, ya mama na ya umeme, na kuwataka waeleze kwa sentensi kwa nini moja inashushwa, nyingine inapandishwa na ya tatu inaachwa kama ilivyo. Mjadala huo ungekula kipindi kizima, na ningekiita kipindi kilichotumika vizuri.

Kinachowatisha wengi ni kugeuza alama unapogawanya kwa namba hasi. Hukaririwa kama agizo, nalo husahaulika kama maagizo yote yasiyo na sababu. Chukua kadi ya nauli yenye salio la shilingi 10,000. Kila safari ni shilingi 750. Mwenye kadi anataka abakiwe na angalau shilingi 2,000. Akiifuata habari kwa mpangilio wake ataandika 10,000 − 750s ≥ 2,000, ambapo s ni idadi ya safari, kisha −750s ≥ −8,000, na hapo asipogeuza atapata s ≥ 10.67, yaani kadri anavyosafiri zaidi ndivyo salio linavyozidi kuwa salama, jambo ambalo kila mtoto anayepanda basi la mwendokasi anajua kwamba haliwezekani. Akigeuza atapata s ≤ 10.67, safari 10. Lakini habari hiyohiyo inaweza kuelezwa kwa namna nyingine: nauli zote pamoja na akiba zisizidi salio, yaani 750s + 2,000 ≤ 10,000. Sasa hakuna namba hasi ya kugawanyia, 750s ≤ 8,000, na jibu ni lile moja. Mwanafunzi anayeona kwamba sentensi mbili tofauti zinasimulia jambo moja ameelewa kwa nini alama hugeuka, na kanuni haitampotea tena hata asipoikumbuka kwa maneno. Nasikitika kwamba vitabu vingi vya mazoezi huweka njia moja tu kuwa ndiyo jibu, na mwanafunzi aliyepita njia ya pili husahihishiwa kwa mkasi.

Kuna mzigo mwingine ambao mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma shule ya msingi ya serikali hubebeshwa mada hii ikimkuta. Hisabati aliijifunza kwa Kiswahili hadi akamaliza elimu ya msingi, na sekondari anaikuta kwa Kiingereza, katika mwaka uleule ambao aljebra inaanza kuwa nzito. Sentensi ya kikomo ni miongoni mwa sentensi ngumu katika lugha yoyote, kwa kuwa ukanushi na ulinganisho hukutana humo, na kumtaka mtoto aielewe kwa lugha anayojifunza, kisha aigeuze kuwa alama, ni kumpa kazi mbili na kumsahihishia moja. Sijaribu kuumaliza hapa mjadala wa lugha ya kufundishia. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana kesho asubuhi: mwanafunzi aruhusiwe kuandika kwanza hali hiyo kwa Kiswahili katika daftari lake, kwa sentensi moja kamili yenye "isizidi" au "isipungue" mahali pake, na ndipo aende kwenye alama. Mtoto huyu jana alitumwa dukani na shilingi 5,000 akaambiwa chenji isipungue shilingi 800, na akarudi na chenji sahihi. Kikomo anakijua. Kinachokosekana ni daraja la maandishi.

Historia ya alama zenyewe inaunga mkono mpangilio huu wa maneno kwanza. Archimedes, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake ni mdogo kuliko 3 na moja ya saba na ni mkubwa kuliko 3 na kumi ya sabini na moja, na aliyasema hayo kwa maneno matupu. Alama ya usawa ilichapishwa na Robert Recorde mwaka 1557. Alama za < na > zilitokea katika kitabu cha Thomas Harriot kilichochapishwa London mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake, na zile zenye kistari cha usawa kwa chini zilitumiwa na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Kwa hiyo wanahisabati walifikiri juu ya vikomo kwa ukali na usahihi kwa karne nyingi kabla ya kuwa na alama hizi, na walizibuni ili kufupisha jambo walilokwisha kulielewa. Sisi tunampa mtoto ufupisho kabla ya jambo lenyewe.

Athari zake hujitokeza miaka mitatu baadaye. Kidato cha Nne kimekuwa na mada ya programu mstari, ambamo mwanafunzi hupewa habari ndefu ya mkulima au fundi seremala mwenye mbao, saa za kazi na fedha zenye kikomo, akatakiwa aandike sentensi kadhaa za kutolingana zenye herufi mbili, achore eneo linalokubalika na atafute faida kubwa kabisa. Kuchora kunahitaji rula na utulivu tu. Maksi hupotea kwenye sentensi za mwanzo, na sentensi ikikosewa eneo lote limekosewa. Mrusi Leonid Kantorovich, aliyeweka msingi wa nadharia hiyo mwaka 1939 na kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1975, alianza na swali la kiwanda cha mbao za plaiwudi, jinsi ya kugawa kazi kwa mashine ili uzalishaji uwe mkubwa kadiri inavyowezekana. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuviandika vikomo vya kiwanda hicho.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi, muhtasari ni mrefu, darasa lina wanafunzi wengi na mtihani unapima jibu. Hoja ya wingi wa wanafunzi naiheshimu, maana mwalimu mwenye madaftari zaidi ya mia hawezi kusoma maelezo ya kila mmoja kila siku. Hoja ya mtihani inaweza kubadilishwa na wanaotunga maswali. Nchini Marekani, viwango vya masomo vya Common Core vilivyotolewa mwaka 2010 viliiweka mada hii darasa la saba, na havikuishia kwenye kutafuta jibu: vinamtaka mwanafunzi achore seti ya majibu na aifafanue kulingana na hali ya swali. Sishauri tuige mtaala wa watu. Nashauri swali letu la maksi tano ligawanywe ili maksi tatu ziende kwenye kutaja herufi inasimama mahali pa idadi gani, kuandika sentensi na kueleza jibu kwa maneno, na mbili zibaki kwa ukokotoaji. Wanafunzi hujifunza kile kinachosahihishwa, na mgawanyo huo ungebadili namna ya kufundisha kuliko semina nyingi.

Lipo pia zoezi lisilo na gharama ambalo shule yoyote ya Mbagala au Kinondoni inaweza kulianza bila kusubiri waraka. Mwalimu aandike ubaoni 5,000 + 1,200k ≤ 20,000 na awatake wanafunzi watunge habari inayolingana nayo, wakitaja k ni idadi ya nini. Atakayeandika habari ya kulipa kiingilio cha shilingi 5,000 na kununua kilo za sukari kwa shilingi 1,200 amejenga muundo sahihi, na wenzake watambishia kwamba hakuna sukari ya bei hiyo mjini, ubishi ambao ni hisabati njema kabisa. Atakayeandika kwamba mtu alikuwa na shilingi 5,000 akapata shilingi 1,200 kila siku hadi akavuka shilingi 20,000 amepata kiasi kisichobadilika na kinachojirudia, lakini kikomo amekigeuza. Atakayeandika habari ya shilingi 6,200 kwa kila kitu amejumlisha visivyojumlishika. Mwalimu akisoma habari kumi za aina hiyo jioni moja, atajua darasa lake limekwama wapi, na somo la kesho atakuwa amekwisha kuliandaa.